Sauti Tuliyoirekodi Kwenye Pamba

Nilifika Nkololo msiba ukiwa umeshapungua watu. Turubai lilikuwa limeshushwa upande mmoja, masufuria makubwa yameegemezwa ukutani yakauke, na wanaume wachache waliobaki uani walikuwa wakizungumzia bei ya pamba kwa sauti ya chini, kama watu wanaoona haya kurudi kwenye mambo ya kawaida. Maduhu alikuwa ameshazikwa. Aliyenipigia simu kunijulisha ni Mama Shija wa Bariadi, ambaye naye uzee umemlemea. Habari zilimfikia zimechelewa, nami nikatoka Mwanza nikiwa nimechelewa zaidi. Nilivua viatu mlangoni, nikaingia chumba walimokaa wanawake, nikamtafuta mjane. Sikuwahi kumwona maishani. Nilijua tu kwamba anaitwa Nkwimba, na kwamba ndiye aliyeolewa na mwanamume niliyetarajia kuolewa naye mimi. Nikapiga magoti kando ya mkeka wake, nikamwambia yale ambayo kila mtu alikuwa ameshamwambia, nikimwita mama kwa Kisukuma: "Pole sana, mayu. Mungu akutie nguvu."

Aliinua kichwa taratibu akanitazama, si machoni bali mdomoni. "Sema tena," akasema. Nilidhani hakunisikia, nikarudia. Nkwimba akanishika mkono, akaubana hasa, akamgeukia mwanamke aliyekaa kushoto kwake na kumwambia kwa Kisukuma kwamba yule wa kwenye mashine amekuja. Kisha akanigeukia mimi, kwa Kiswahili. "Kumbe una uso," akasema, na machozi ambayo yalikuwa yamemkauka tangu mazishi yakaanza kumtoka upya.

Naandika haya kwa sababu ya maneno yale. Yupo mwanamke Nkololo anayeijua sauti yangu kuliko watoto wangu wanavyoijua, na ili mtu aelewe jambo hilo lilitokeaje, inabidi nirudi Bariadi, kwenye mwaka niliokuwa na miaka ishirini na mitatu, nikiwa na cheti cha kompyuta kutoka Mwanza na sanduku moja la nguo.

Chumba cha kompyuta kilikuwa katika jengo la zamani la ushirika. Ushirika wenyewe ulikuwa umekufa, au ulikuwa unakufa, ilitegemea ulimuuliza nani. Soko la pamba lilikuwa limeachiwa huru, na kila msimu walikuja wanunuzi binafsi wapya, na mizani mipya, na maneno mapya ya kumshawishi mkulima. Ghala la nyuma lilikuwa limepangishwa kwa mmoja wao. Ofisi ya mbele ilichukuliwa na kanisa, nalo likaweka humo kompyuta chakavu za msaada ili vijana wajifunze. Ukuta ulikuwa wa kijani mpaka usawa wa kiuno na chokaa juu yake, na palipokuwa na picha ya mwenyekiti wa ushirika palibaki mraba mweupe. Dirishani tuliwaona mafundi wakipandisha mnara wa simu wa kampuni ya pili kufika mjini, na wanafunzi wetu waliacha kuchapa ili kubishana mtandao upi utakuwa na nguvu. Kila kitu mwaka ule kilikuwa kikifunguliwa. Nilikuwa na umri ambao mtu huamini kwamba kinachofunguliwa kinafunguliwa kwa ajili yake.

Msimamizi wa chumba alikuwa Maduhu. Alikuwa mwalimu wa fizikia aliyeacha kufundisha kwa sababu hakuuona tena ubao. Presha ya macho ilikuwa ikimla kutoka pembeni kuja katikati, hivyo alikuona pale tu alipokulenga, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Siku ya kwanza nilimwona mkali, kwa jinsi alivyonikazia macho nilipoingia. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa akiukusanya uso wangu kipande kwa kipande: jicho, jicho, pua, mdomo. "Mwangaluka, Mwalimu," nilimsalimu. Akaitikia, kisha akasema, "Una kidoti hapa," akajigusa kidevu chake mwenyewe. "Samahani. Nikiona kitu nakitaja, nisije nikakisahau."

Kompyuta zile zilikuja na mfumo wa kulipia uliokwisha leseni na kujaa virusi. Maduhu aliufuta wote, akaweka mfumo huria kutoka kwenye CD alizotumiwa bure kwa posta. Aliniketisha juma la kwanza akanifundisha mambo ambayo chuo hakikunigusia. Mfumo ule ulitengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, na mtu yeyote aliruhusiwa kuutumia, kuufungua, kuubadilisha na kuugawa. Kila programu iliyokuwa ndani yake ilifungashwa kwa taratibu zake, na kila kifurushi kilikuwa na mtu mmoja mwenye jina aliyekitunza. Mfumo ukibadilika, alikibadilisha kifuate. Mtumiaji akilalamika, yeye ndiye alijibu. Mtunzaji, ndivyo alivyoitwa. Akikichoka au akifa, kifurushi kiliandikwa kwamba ni yatima, na mwingine akitaka alikichukua. "Hakuna mshahara?" niliuliza. "Hakuna." "Basi wanapata nini?" Akafikiri. "Jina lako linakaa pale. Mtu wa Bolivia anajua kwamba kitu hiki kikiharibika, kuna fulani."

Nilipanga kwa Mama Shija, mjane aliyepika chakula mbele ya nyumba na kupangisha vyumba nyuma. Maduhu alikula hapo mchana na jioni, na punde si punde tukawa tunakula sahani moja, kwanza kwa sababu za upishi, baadaye kwa sababu zetu. Alipenda ugali wa mtama na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, na dagaa wa Lamadi waliokaangwa wakakauka. Nilimwekea mboga upande wa kulia nikamwambia, kwa mshale wa saa, "Mboga saa tisa, maji saa sita," naye akapeleka mkono bila kupapasa. Mama Shija alitutazama kutoka jikoni akacheka peke yake. "Nyie mnakula au mnaongoza ndege?" aliuliza.

Ilikuwa katika meza hiyo hiyo ndipo alipotueleza juu ya programu zinazosoma kwa sauti kilichoandikwa kwenye kompyuta. Vipofu wa nchi nyingine walizitumia. Mfumo wetu ulikuwa nayo moja, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kuazima. Kesho yake tuliijaribu. Ilisoma kama mgeni aliyeshuka kwenye ndege asubuhi ile. "Ng'ombe" ilitoka "en-gombe", na "ng'ambo" ikawa kitu ambacho hakuna aliyeweza kukirudia. Wanafunzi walicheka mpaka wakainamia meza. Maduhu alicheka kuliko wote, akafuta macho, halafu kicheko kikamwisha ghafla. "Hii ndiyo sauti nitakayosikia mpaka nife?" akauliza.

Akaamua kutengeneza sauti mpya. Nilimwambia aiweke kwenye mashine yake na mambo yaishe. Alikataa. "Mashine hii ikifa, sauti imekufa nayo. Ikifungashwa ikaingia ndani ya mfumo, kipofu wa Songea au Kigoma atawasha kompyuta yake na kuikuta, bila kuniomba mimi, bila hata kujua kwamba niliishi." Alihitaji mtu wa kusoma. Yeye mwenyewe hakufaa. "Mimi nikisema 'kura' na 'kula', hata mjomba wangu hajui kama nataka uchaguzi au ugali. Wewe ulimi wako unatofautisha." Hivyo ndivyo nilivyochaguliwa. Ningependa kusema kwamba alichagua sauti yangu kwa sababu ilimgusa, lakini aliichagua kwa sababu ya herufi r.

Tatizo lilikuwa kelele. Bariadi msimu wa pamba haina kona iliyo kimya: kinu cha kuchambua kinanguruma, malori yanapiga honi, mabati yanapasuka kwa jua. Maduhu ndiye aliyefikiria ghala. Jumapili baada ya misa kinu kilizimwa, na mlinzi, aliyekuwa amefundishwa naye zamani, alitufungulia mlango wa pembeni. Pamba ilikuwa imelundikwa mpaka karibu na kenchi, bado ina mbegu. Tulichimba shimo katikati ya lundo, tukakaa humo na kompyuta moja, waya mrefu wa umeme, na maikrofoni aliyoivalisha soksi. Nilisema neno moja nikashtuka. Sauti ilifia palepale. Hakukuwa na mwangwi, hakukuwa na mji. Tulikuwa kama watu waliozikwa pazuri.

Programu ya namna ile haihitaji mtu asome maneno yote ya lugha. Inahitaji vipande tu, kila sauti inavyoungana na jirani yake, kisha kompyuta inaviunga yenyewe kuwa maneno. Basi Jumapili baada ya Jumapili nilisoma upuuzi: baba, babe, babi, mbamba, mbembe, ng'ang'a, ng'ong'o. Vumbi la pamba liliniwasha koo. Vijidudu vya pamba vyekundu vilitambaa kwenye sketi yangu. Sharti lilikuwa kusoma bila hisia yoyote, kwa kimo kimoja, maana kipande chenye furaha hakiungani na chenye huzuni; sentensi ingetoka kama mlevi. Maduhu alivaa visikilizio, macho ameyafumba. "Tena. Hapo umetabasamu." "Umejuaje?" "Linasikika." Nikajaribu tena, nikatabasamu tena. Akavua visikilizio. "Kabula," akasema, "kabla ya msimu ujao mjomba wangu atakuja kwenu na ng'ombe. Sasa umeshajua, kwa hiyo tulia usome." Nilicheka mpaka mlinzi akachungulia. Siku ile hatukurekodi kitu chochote cha kufaa.

Nimejiuliza mara nyingi kama nilikuwa na furaha kubwa kiasi hicho, au ni miaka tu imenipakia asali. Nadhani nilikuwa nayo. Nakumbuka nikitembea kutoka ghalani na nyuzi za pamba kwenye nywele, na wanawake sokoni wakinitania kwa Kisukuma, wakiuliza nimelala wapi mchana kweupe, nami nisione haya hata chembe.

Tulipokamilisha vipande vyote, alivikata na kuvipanga kwa msaada wangu, kwa kuwa kufikia hapo mistari ya kwenye skrini ilikuwa ikimponyoka. Kifurushi kikawa tayari. Tulikituma, kikarudishwa. Mkaguzi wa upande wa pili, mtu wa nchi ya baridi ambaye hatukuwahi kumwona, aliandika kwa adabu kwamba hakuna mahali palipotajwa sauti ni ya nani, na kama mwenyewe ameitoa kwa hiari. Bila tamko hilo haiwezi kuingia. Maduhu alinieleza mezani kwa Mama Shija, polepole, kwa namna alivyowahi kueleza fizikia. "Ukitoa tamko hili huwezi kuirudisha. Hata tukigombana. Hata ukifa. Mtu asiyekujua anaweza kuifanya iseme maneno usiyoyapenda." Nikamuuliza, "Na wewe utakuwa na uwezo huo?" "Na mimi pia." "Basi nimetoa," nikasema. Mama Shija akapiga meza kwa mwiko. "Mtoto wa watu, hata mahari haijaja umeshatoa sauti!" Tulicheka sote watatu.

Safari hii laini ya Bariadi ilikatika kila faili lilipofika nusu, kwa hiyo tulikwenda Mwanza kulituma, na kwa kuwa tulikuwa huko alipita hospitali. Nilimsubiri kwenye benchi la nje, nikiwa nimevaa gauni la njano alilolipenda kwa sababu lilimrahisishia kunitafuta. Alichukua muda mrefu ndani. Alipotoka aliziona ngazi, akaushika ukuta, akaja moja kwa moja kuelekea kwangu, nikasimama. Akanipita. Gauni la njano lilikuwa karibu limguse mkono. Alikwenda hatua chache, akasimama katikati ya watu, akaita jina langu kwa sauti ya chini, akiwa amenipa mgongo. Sikumuuliza daktari amesema nini. Nilimshika mkono, tukaenda kupanda basi, na njia nzima hadi Lamadi alizungumzia majina ya faili.

Kifurushi kilikubaliwa wakati wa masika. Nilikuwa nimetoka kununua maandazi, na nilipofika mlangoni pa chumba cha kompyuta nilimkuta peke yake, uso ameuelekeza dirishani, mashine ikimsomea barua pepe. Nilisimama. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti ile ikifanya kazi bila mimi kuwepo. Ujumbe ulikuwa wa Kiingereza, nayo haikujua Kiingereza, ikausoma kwa Kiswahili, kila herufi ikipewa haki yake, mpaka neno la kukubaliwa likatoka kama jina la ukoo wa mbali. Maduhu aliiacha irudie mara kadhaa. Kisha, bila kugeuka, akaishukuru mashine kwa Kisukuma, "Wabeja." Nikabaki na maandazi yangu mkononi. Habari alikuwa ameshaipata, amesomewa kwa sauti yangu, na mimi sikuwepo. Nilipoingia alishangilia, akanikumbatia, akanyoosha mkono kuutafuta uso wangu. Nilifurahi naye. Lakini kitu kidogo kilinichoma, na sikukipa jina.

Mjomba wake alikuja kutoka Nkololo mvua zilipoanza kukatika. Alikuwa mzee mpole mwenye kofia ya sufu, na alikuja, kama tulivyokubaliana, kupanga safari ya kwetu. Nilikuwa jikoni kwa Mama Shija nikichambua mchele. Kati ya jikoni na mahali pa kulia palikuwa na kipande cha bati tu. Niliwasikia wakinawa mikono. Nilimsikia mjomba akisifia samaki. Kisha akauliza, "Basi, bhabha, nikienda kwa kina Kabula nimtaje nani awe mshenga?"

"Usiende kwao, mjomba," Maduhu akasema.

Mchele ukasimama mikononi mwangu. Mama Shija akaacha kukoroga.

"Niende wapi?"

"Kwa Mzee Ngasa. Yule binti yake uliyemtaja mwaka jana."

"Nkwimba? Hukuwahi hata kumwona."

"Ndiyo," akasema Maduhu. "Hata yeye hakunijua nikiwa bado naona."

Nikamsikia mjomba akisukuma sahani. "Na huyu wa hapa amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu."

Mama Shija alinishika bega, lakini mimi nilikuwa nimeshasimama, na ungo umeanguka. Nina hakika waliusikia.

Nilimfuata chumba cha kompyuta baada ya mjomba kuondoka. Wanafunzi waliniangalia wakatoka wenyewe. Nilimuuliza kama nimesikia vibaya. Hakunidanganya; hilo nampa. Alisema jambo ambalo nimelibeba tangu hapo, na ambalo bado siku nyingine linaniuma na siku nyingine linanikasirisha. "Wewe nimekuona, Kabula. Najua kidoti chako. Kila asubuhi naamka nikitafuta kilichobaki, na kila asubuhi kimepungua. Juzi ilikuwa jicho la kushoto. Nikikuoa nitakupoteza kila siku ya maisha yangu, nikiwa nimekushika mkono. Huyo mwingine sikumwona, sina cha kupoteza kwake."

"Kwa hiyo unaniacha kwa kuwa unanipenda?" nikasema. "Kawaambie wajinga."

"Sijasema ni jambo zuri."

"Na mimi? Mimi nakuona. Mimi sipotezi kitu. Hukuniuliza mimi."

"Sikukuuliza," akasema, "kwa sababu ungekubali."

Nilimwambia maneno mengi siku ile. Nilimwambia ni mwoga. Nilimwambia aifute sauti yangu, akanikumbusha kwa upole kwamba hilo haliwezekani tena. Ilikuwa imeshasambaa kwenye seva za nchi ambazo hatutazikanyaga. Nililia nikiwa nimesimama, naye alilia akiwa ameketi, na kati yetu mashine ilikuwa imewashwa. Dirisha fulani lilijifungua kwenye skrini, nayo ikasoma, kwa sauti yangu tulivu, isiyo na furaha wala huzuni, kwamba wino wa printa umekwisha.

Kampuni ya simu ya mnara ule ilikuwa ikiajiri Mwanza. Nilikwenda kwenye usaili nikapata. Asubuhi ya kuondoka Mama Shija alinifungia michembe ya viazi vilivyokaushwa kwenye khanga, akanisindikiza mpaka stendi. Hakuniambia kwamba nitampata mwingine, na nilimshukuru kwa hilo. Alisema tu, "Nenda, mwanangu. Hapa ukibaki utakuwa unasikia wanavyomtengenezea harusi." Njiani kutoka mjini tulipishana na malori ya kwanza ya msimu mpya yakienda kununua pamba, matupu, yanarukaruka.

Nimeishi maisha mengine baada ya hapo, na si mabaya. Niliolewa na mtu mwema, nikazaa naye, kisha nikamzika mume wangu. Lakini kila mfumo ule ulipotoa toleo jipya, nilifungua ukurasa wa kifurushi chetu kuangalia kama bado kipo. Kilikuwepo, na jina la mtunzaji lilikuwa lile lile, na chini yake mistari mifupi mikavu ya mambo aliyorekebisha. Hivyo ndivyo nilivyojua mwaka hata mwaka kwamba yu hai, na kwamba hata bila macho mikono yake inafanya kazi. Sikumwandikia. Hakuniandikia. Kwenye kifurushi kulikuwa na majina mawili, la mtunzaji na la mwenye sauti, na hapo ndipo tulipoishi pamoja.

Baada ya watu kuondoka msibani, Nkwimba alinipeleka chumba cha ndani. Palikuwa na meza, kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na viti viwili. Aliifunua. "Imenyamaza," akasema. "Mtoto wetu mkubwa aliweka mfumo mpya, baba yao akiwa kitandani. Tangu siku hiyo haisemi. Baba yao alisema akipata nafuu ataitengeneza."

Nilimuuliza kama kweli alijua mimi ni nani, miaka yote.

"Aliniambia siku niliyoingia nyumba hii. Hakunificha. Nikamwambia aizime, akaizima. Tukakaa kimya msimu mzima. Halafu ikaja barua pepe, hakuna wa kuisoma. Yeye haoni, mimi sikusoma. Nikamwambia washa." Alikalia kiti kimoja, akaniachia kingine. "Wewe ndiye uliyekuwa unatusomea. Barua, Injili ya Jumapili, bei ya pamba, ujumbe wa watoto. Yeye hapo, mimi hapa, na wewe katikati. Nilikuchukia, halafu nikakuzoea, halafu siku ukinyamaza naona nyumba ina msiba." Akashika ukingo wa meza. "Mwanangu anasema ziko sauti nyingine siku hizi, nzuri zaidi. Hizo sizijui mimi. Usiache ikafa, dada."

Nilirudi Mwanza na kazi ambayo sikuwa nimeigusa tangu ujana. Ukurasa wa kifurushi ulikuwa umeshaandikwa kwamba ni yatima na kwamba kitaondolewa. Niliomba kukichukua. Lugha ya programu aliyoitumia Maduhu ilikuwa imefutwa kwenye toleo jipya, ikabidi niandike upya karibu kila kitu alichokiandika, nikisoma mstari wake mmoja na kuufuta, mstari na kuufuta. Hakuna kazi iliyowahi kuniumiza namna hiyo. Alipopanga vizuri niliona fahari, na alipokosea niliona ni siku gani macho yalimsumbua, na vyote viwili nilivifuta, kwa sababu bila hivyo isingesema. Mkaguzi wa safari hii, kijana kwa uandishi wake, aliuliza kama nina uhusiano wowote na mwenye sauti aliyetajwa humo. Nilimjibu kwamba ni mimi. Kikapita.

Jumapili moja mchana simu ikaita. Alikuwa Nkwimba. Hakunisalimu, aliisogeza simu karibu na mashine nisikie. Ilikuwa ikisoma ujumbe wa binti yao aliyeolewa Lamadi: kwamba mtoto ameota jino, kwamba samaki wameadimika, kwamba mama asisahau dawa ya presha. Ilipomaliza Nkwimba akabonyeza kitufe, ikaanza upya.

"Uko hapo?" akaniuliza.

"Nipo, mayu."

Akasikiliza kidogo, mimi na mashine, mimi na mashine.

"Wewe umezeeka," akasema. "Yeye bado."

Nilimsikia akivuta kiti na kukaa, nami nikakaa kwenye ukingo wa kitanda changu Mwanza, na tukasikiliza habari za jino la mtoto kwa mara nyingine, sisi wawili, na Maduhu hayupo.